Ukikwama Mlangoni Siku Mfumo Umezidiwa

Wiki ya mwisho ya maombi, yawe ya mkopo, ya chuo au ya kazi, steshenari zilizo jirani na vituo vya daladala hazifungi mapema. Kwenye benchi wamekaa vijana sita, kila mmoja na bahasha ya kaki mapajani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mhudumu anaandika namba ya mtihani, anaandika nywila, anabonyeza. Kiduara kinazunguka. Ukurasa unarudi mweupe. Anabonyeza tena, kiduara kinazunguka tena. Mara ya tatu anaanza kushuku: labda herufi ya kwanza ni kubwa, labda mwishoni kulikuwa na 123. Anajaribu hivi, anajaribu vile, na safari hii mfumo unajibu upesi, kwa maandishi mekundu: akaunti imefungwa kwa muda. Binti aliyekaa mbele ya skrini anamgeukia mama yake aliyesimama mlangoni. Mama anauliza kwa sauti ya chini, "Umeisahau nywila, mwanangu?"

Hakuisahau. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi.

Mambo mawili yamechanganywa hapo: mlango uliojaa watu, na ufunguo usioingia. Kwa nje yanafanana, kwa sababu yote mawili yanamwacha mtu barazani. Dawa zake, hata hivyo, zinapingana. Mlango uliojaa unataka subira, ufunguo mbovu unataka kushughulikiwa. Mfumo uliozidiwa huamka wenyewe baada ya saa au siku. Mtu aliyebadilisha nywila mara tatu akiwa na kiherehere, akafungiwa akaunti na kupoteza meseji za uthibitisho, hubaki na tatizo hata baada ya mfumo kuamka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayekwama siku ya msongamano ni kuulinda ufunguo wake usiharibike.

Inasaidia kujua kwa nini sehemu ya kuingilia ndiyo hukwama kabla ya sehemu nyingine. Chukua matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Siku yanapotangazwa, wazazi, walimu na watahiniwa wanakimbilia mahali pamoja. Lakini ukurasa wa matokeo ya shule fulani ni uleule kwa kila anayeufungua, na haumuulizi mtu yeye ni nani. Ukurasa wa aina hiyo unaweza kunakiliwa na kuwekwa kwenye seva nyingi, kama gazeti linavyochapwa nakala nyingi kadiri wasomaji wanavyoongezeka.

Kuingia kwenye akaunti ni kazi ya aina nyingine kabisa. Ni dirisha la benki, ambako kila mteja ana shughuli yake. Mfumo unatafuta jina lako kwenye hifadhidata, unalinganisha nywila, unafungua kumbukumbu mpya ya ziara yako, unaandika saa uliyoingia, na pengine unaiomba kampuni ya simu ikutumie tarakimu sita. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoweza kuchapwa mapema na kuwekwa tayari.

Ndani yake kuna kazi iliyofanywa iwe nzito kwa makusudi. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi nywila yako jinsi ulivyoiandika. Unahifadhi kilichobaki baada ya kuisaga, na kila unapokuja unasaga ulichoandika na kuona kama unga ni uleule. Mojawapo ya mbinu zinazotumika sana, bcrypt, ilitolewa mwaka 1999 na Niels Provos na David Mazières, na waliiunda iwe ya polepole ili mwizi aliyeiba hifadhi nzima ya nywila asiweze kujaribu mamilioni kwa dakika moja. Ulinzi huo ni mzuri, lakini una gharama yake siku ya msongamano. Tuseme kusaga nywila moja kunachukua robo sekunde ya kichakataji kimoja. Kichakataji hicho kitahudumia watu 4 kwa sekunde, yaani 240 kwa dakika. Wakigonga watu 10,000 kwa wakati mmoja, wa mwisho atasubiri zaidi ya dakika 40, na kivinjari chake kitakuwa kimekata tamaa zamani.

Isitoshe, kuzidiwa hakuji taratibu. Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za simu zinazogombea laini chache, na hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya foleni. Katika foleni ya kawaida kabisa ya mhudumu mmoja, mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, kwa wastani dirishani kuna mtu 1. Akiwa na kazi asilimia 90 ya muda, wapo 9. Akifika asilimia 95, wapo 19. Akifika asilimia 99, wapo 99. Itazame hatua ile ya mwisho: kazi imepanda kutoka 95 hadi 99 tu, na watu wameongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana mfumo uliokuwa unapumua vizuri saa 3 usiku unaweza kuwa umelala saa 3 na robo, bila fundi kugusa kitu.

Mfano ulioandikwa sana duniani ni wa Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya huko ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya. Wahusika walitarajia watu kati ya 50,000 na 60,000 kwa wakati mmoja. Wakaja kama 250,000. Wingi peke yake haukutosha kuiangusha. Ilikuwa imeamuliwa kwamba kila mtu afungue akaunti kwanza ndipo aone bima na bei zake, hata yule aliyekuja kuchungulia tu. Wote wakasukumwa kwenye mlango mmoja mwembamba, na mlango ukaziba. Kumbukumbu zilizowekwa wazi baadaye na kamati ya Bunge la huko zilionyesha kwamba siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa watu 6, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 300. Mafundi wa dharura walihangaika nayo hadi mwanzoni mwa Desemba. Msimu wa kujiandikisha ulipofungwa mwaka uliofuata, watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia tovuti hiyo na zile za majimbo. Wale waliokaa usiku mzima wa Oktoba wakibadilisha nywila walikuwa wakitibu mguu usiouma.

Basi kabla ya kubonyeza mara ya pili, soma kilichoandikwa kwenye skrini. Ujumbe wa hitilafu hufungwa haraka kwa sababu unaudhi na mara nyingi uko kwa Kiingereza, lakini ndani yake huwa kuna namba ya tarakimu tatu, na namba hiyo ina faida kubwa. Ikianza na 5, tatizo liko upande wa mfumo. 503 maana yake huduma haipatikani kwa sasa, na ndiyo namba ya kawaida ya kuzidiwa. 502 na 504 zinasema seva ya mbele ilimuuliza mwenzake wa ndani, na huyo wa ndani akajibu upuuzi au hakujibu kwa wakati. 500 ni hitilafu ya ndani isiyofafanuliwa. Ukiona mojawapo ya hizo, nywila yako haijakataliwa. Yaelekea hata haijasomwa.

Namba zinazoanza na 4 zinakuelekeza utazame upande wako. 401 inasema hujatambuliwa. 403 inasema umezuiwa kuingia mahali hapo. Halafu kuna 429, ambayo kwa siku za msongamano inastahili maelezo yake, kwa sababu huwapata watu wasio na hatia. Inasema maombi yamezidi mno kutoka mahali ulipo. Mahali ulipo, kwa seva, ni anwani ya intaneti, na anwani hizo zimekuwa haba kiasi kwamba kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Steshenari yenye kompyuta nane nayo huonekana nje kama mtu mmoja mwenye pupa. Unaweza ukawa umebonyeza mara moja tu, ukafungiwa kwa sababu ya majirani usiowajua. Hapo kubadilisha njia kunasaidia kweli: toka kwenye Wi-Fi ya steshenari utumie bando la simu, au weka laini ya mtandao mwingine, kisha ujaribu mara moja.

Mifumo mingine haionyeshi namba yoyote. Ukurasa mweupe, kiduara kisichokoma, fomu inayorudi tupu bila neno: zote ni dalili za mlango uliojaa. Maneno ya kwamba jina au nywila si sahihi ni dalili ya ufunguo, ila yapokee kwa tahadhari. Programu iliyoandikwa kwa haraka inaweza kuikosa hifadhidata iliyozidiwa, kisha ikamwambia mtumiaji amekosea nywila, kwa kuwa mtengenezaji hakuweka jibu la tatu. Pima kwa saa. Jibu la "umekosea" lililokuja ndani ya sekunde mbili huenda ni la kweli. Likija baada ya kiduara kuzunguka sekunde arobaini, lishuku. Halafu muulize mtu mwingine anayetumia mfumo huohuo, wa mji mwingine ikiwezekana. Naye akiwa amekwama, acha kuishuku kumbukumbu yako.

Ukishajua kwamba umati ndio tatizo, kazi ngumu ni kutulia. Kila unapopakia upya ukurasa, ombi lako la kwanza si lazima lifutike. Mara nyingi seva inaendelea kulishughulikia, ikifanya kazi ya mtu ambaye ameshaondoka dirishani na kujipanga tena nyuma. Maelfu wakifanya hivyo, mfumo unatumia nguvu zake kuhudumia vivuli. Wahandisi wanalijua hilo, na programu zao huandikwa zijaribu tena kwa kuongeza muda maradufu: sekunde 1, 2, 4, 8, na kuendelea, na kila moja ikichanganya kidogo muda wake ili zote zisirudi kwa mkupuo. Nawe fanya hivyo kwa dakika. Jaribu, subiri dakika 2, jaribu, subiri 4, kisha 8, kisha robo saa. Tumia ukurasa mmoja tu, kwenye kifaa kimoja. Simu mbili na kompyuta zilizofunguliwa kwa pamoja kwenye akaunti moja zinaweza kutoana nje, maana baadhi ya mifumo huruhusu ziara moja tu kwa wakati.

Saa nayo ina uzito wake. Umati huja baada ya kazi na huzidi kadiri saa 6 usiku ya siku ya mwisho inavyokaribia. Kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi wengi wamelala, na mfumo uliokuwa umelemewa jioni huweza kufunguka kwa mara ya kwanza. Anayeishi mbali na steshenari na ana simu yenye bando la usiku asiidharau alfajiri.

Wakati unasubiri, kuna mambo madogo ya kukagua kwako. Tazama tarehe na saa ya simu. Ikiwa nyuma kwa siku kadhaa, kivinjari kinaweza kukataa cheti cha usalama cha tovuti na kukuonya kana kwamba tovuti ni ya wezi. Programu zinazotoa tarakimu za uthibitisho ndani ya simu ndizo hudai saa sahihi zaidi, kwa kuwa tarakimu zake kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Fungua dirisha fiche la kivinjari na ujaribu humo mara moja. Likikubali, shida ilikuwa vidakuzi vya zamani, yaani kumbukumbu za ziara iliyokwisha ambazo kivinjari kiliendelea kuzipeleka. Ukiamua kuvifuta, futa vya tovuti hiyo peke yake. Wapo waliofuta kila kitu kwa hasira na kupoteza nywila zote zilizokuwa zimehifadhiwa humo, ikiwemo ile waliyokuwa wanaitafuta.

Kubadilisha nywila kuwe hatua ya mwisho kabisa, na usiifanye mfumo ukiwa bado unayumba. Kunategemea vyombo vilevile vilivyozidiwa: hifadhidata, seva ya baruapepe, njia ya meseji. Kiungo ulichoomba saa 2 kinaweza kufika saa 4, kikiwa kimeisha muda. Au badiliko linakubaliwa upande mmoja huku ukurasa ukikuonyesha kwamba limeshindikana, nawe unabaki hujui kama nywila yako ni ya zamani au mpya. Likikutokea hili, anza na mpya.

Meseji za uthibitisho ndizo huwachanganya watu wengi zaidi, na utaratibu wake si mgumu. Katika mifumo mingi, unapoomba tarakimu mpya, zile za awali zinakufa papo hapo. Siku ya msongamano meseji zinachelewa, basi mtu anaomba mara nne kwa dakika tatu, kisha zinaingia zote kwa fujo, ya pili ikitangulia ya kwanza. Anaandika ile iliyofika mwanzo na inakataliwa. Anaandika nyingine, inakataliwa pia, na baada ya majaribio machache anafungiwa. Omba mara moja. Weka simu mezani. Subiri dakika kumi nzima ndipo uombe nyingine, na ukiomba ya pili, usiiguse ya kwanza hata ikifika. Kagua pia kama kisanduku cha meseji kimejaa, na kama laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ndiyo iliyo kwenye simu unayoishika.

Hilo la mwisho linatupeleka kwenye daftari la steshenari.

Karibu kila steshenari inayojaza fomu za watu inalo. Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu: jina la mteja, namba ya simu, jina la kuingilia, nywila. Mhudumu hana nia mbaya. Wateja husahau, naye amechoka kuulizwa. Mara nyingine mteja hakuwa na baruapepe, basi mhudumu akamfungulia moja palepale, au akatumia ya kwake, akaweka na namba yake ya simu ili tarakimu za uthibitisho zije haraka. Siku ile yote yalikwenda sawa. Miezi mitatu baadaye majina yanatoka na mwenye akaunti anatakiwa kuingia ndani ya siku chache. Mhudumu amehamia mkoa mwingine, daftari limelowa mvua, na meseji inaingia kwenye simu isiyojulikana ilipo.

Kwa wanaoomba vyuo vikuu Tanzania, hilo linaweza kugharimu nafasi. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo anachokitaka kwa namba maalumu ya siri, ambayo hutumwa kwa meseji au baruapepe aliyoitumia wakati wa kuomba. Ikiwa simu ile ni ya mtu mwingine, kijana anaanza kuisaka namba katika wiki ambayo maelfu ya wenzake wanagonga mlango uleule. Kwa hiyo, wakati wa kufungua akaunti, simu iwe yako au ya mzazi unayeishi naye, kwa laini isiyobadilishwabadilishwa. Baruapepe iwe yako, na nywila yake uijue wewe mwenyewe. Ziandike zote kwenye karatasi nyumbani, uiweke pamoja na vyeti. Wataalamu wa usalama wanapenda programu za kuhifadhi nywila, na ni nzuri, lakini karatasi ndani ya bahasha ya vyeti, kwenye sanduku la mama, ni salama kuliko daftari lililo wazi kaunta. Ikiwa akaunti yako tayari iko kwenye daftari la mtu, ingia wiki hii, dirisha la maombi likiwa halijafunguliwa na mfumo ukiwa mtulivu, ubadilishe namba, baruapepe na nywila.

Mifumo mingine siku hizi ina chumba cha kusubiria: unapofika unapewa nafasi kwenye foleni na kuonyeshwa muda uliobaki. Huko Copenhagen, mji uleule wa Erlang, kuna kampuni iitwayo Queue-it ambayo kazi yake ni kuuza foleni za namna hii kwa wenye tovuti. Ukiwekwa humo, usipakie upya ukurasa, usiufunge, na usiache simu izime. Nafasi yako inakumbukwa na kidakuzi kilicho kwenye kivinjari hicho, hivyo kuhamia kifaa kingine ni kuanza upya. Andaa vielelezo vyako kabla zamu haijafika, maana ukiitwa huwa unapewa dakika chache tu kuingia, na zikipita unarudishwa mwisho.

Yawezekana pia kwamba wanaougonga mlango si watu. Tarehe 15 Novemba 2022, tiketi za ziara ya mwanamuziki Taylor Swift zilipoanza kuuzwa Marekani, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilisema mifumo yake ilipokea maombi bilioni 3.5, na kwamba roboti zilishambulia hata seva zinazohakiki namba za siri za mashabiki. Nchini Kenya, mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, mwezi mmoja tu baada ya serikali kutangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa humo. Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililohusika. Serikali ilibidi iahidi kuwapa wageni viza wanapofika, kwa sababu mfumo wa kuziombea mtandaoni haukupatikana. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliweka wazi mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusu kundi hilo. Kwa aliyekwama, shambulio na umati vinaonekana sawa kwenye skrini, na hakuna anachoweza kurekebisha. Tofauti ni kwamba umati una alfajiri yake, shambulio halina. Habari zikithibitisha shambulio, acha kukesha; fuata matangazo, na kama huduma ina ofisi, uliza utaratibu wa dirishani.

Mlango ukiendelea kugoma na siku ya mwisho imefika, weka ushahidi. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa hitilafu, anwani ya tovuti, tarehe na saa. Piga tatu au nne kwa nyakati tofauti, hata kwa simu ya pili, maana moja peke yake inaweza kuonekana kama bahati mbaya ya dakika. Kisha mwandikie mwenye mfumo kabla saa haijapita, kwa baruapepe au kurasa zake rasmi, ukitaja namba yako ya maombi na saa ulizojaribu. Nywila usiitaje popote. Ujumbe uliotumwa saa 5 usiku ukiwa bado ndani ya muda una nguvu kuliko malalamiko ya kesho yake.

Na malalamiko yanasikika. Tarehe 7 Juni 2016, ikiwa ni siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa kura ya Uingereza kuhusu Umoja wa Ulaya, tovuti ya uandikishaji ilizidiwa usiku, saa chache kabla ya kufungwa saa 5:59. Watu walituma picha za skrini kwa wingi, na serikali ikasogeza mwisho hadi saa 6 usiku ya tarehe 9 Juni, kwa sheria iliyopitishwa haraka. Usiupange mpango wako kwa kutegemea huruma hiyo, lakini ikitokea, aliyeweka ushahidi huwa na cha kuonyesha.

Afadhali zaidi ni kutofika huko. Wakenya wanawasilisha ritani za kodi ya mapato binafsi kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Miezi sita, na bado wiki ya mwisho ya Juni ndiyo inayojaza saiba, yaani vibanda vya intaneti, hadi nje. Wengi wao si wavivu: wapo wanaosubiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, kutoka kwa mwajiri, wapo wanaosubiri nauli. Hata hivyo kuingia kwenye akaunti hakuhitaji fomu. Ingia Februari, hakikisha nywila inakubali na baruapepe ni yako, kisha toka. Juni itabaki kazi moja badala ya mbili.

Siku hizo za msongamano ndizo matapeli hungojea. Mtu anapokwama, anatafuta mtandaoni "njia ya kuingia" na kukuta ukurasa unaofanana na ule wa kweli, au anapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi anayejua hata jina la chuo alichoomba. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke; isome anwani kuanzia mwisho wake, kwa sababu tapeli huweza kuandika jina la serikali mwanzoni na jina lake mwishoni. Anayeomba tarakimu za uthibitisho kwa simu ni mwizi, hata akijiita fundi wa mfumo. Na hakuna malipo ya "kufunguliwa akaunti haraka".

Hatimaye mlango utafunguka, pengine saa 10 alfajiri, ukurasa ukiwa mzito lakini hai. Usianze kusoma kila kitu. Nenda moja kwa moja kwenye hatua iliyobaki, hifadhi kila ukurasa kabla ya kwenda unaofuata, na maelezo marefu yaandike pembeni kwanza ndipo uyabandike, maana ziara inaweza kukatika ukiwa unafikiri sentensi. Ukituma, subiri namba ya kumbukumbu au risiti, uipakue, uipige na picha. Isipokuja, usitume tena papo hapo, hasa kama kuna malipo ndani yake. Toka, ingia, angalia hali ya ombi kwanza. Ukiwa steshenari, bonyeza sehemu ya kutoka kwenye akaunti, kataa kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, na kabla hujainuka fungua tena ukurasa ule uone unakuomba jina na nywila upya.